Mama Mwenye Mzigo wa Majani

Mashine ya fotokopi ndiyo iliyowakutanisha, na kama ingekuwa na akili ingeomba radhi baadaye.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka elfu mbili na moja, dukani kwa Winfrida karibu na stendi ya Moshi. Duka limefurika: walimu na mitihani yao, wapagazi wa mlimani na barua zao za kuomba kazi, mama mmoja na kuku wake ndani ya kikapu. Theopista alikuwa amevaa gauni la batiki la rangi ya ugoro, alilolitia rangi mwenyewe kwenye kibanda chake cha Njoro, na alisubiri nakala ya mchoro wake. Nakala ilipotoka, mkono mwingine uliichukua.

"Dada, hii si yangu," kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonukia kahawa iliyokaangwa alimwambia Winfrida. "Nimeleta leseni ya biashara, napewa mama wa watu."

"Ni mama wa watu kweli. Ni mama yangu. Lete hapa," alisema Theopista.

Kijana hakuileta. Aliiangalia. Mwanamke anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, amegeuza shingo kidogo kama mtu aliyeitwa. Amevaa katambuga za tairi, na ya kushoto ukanda wake umekatika, ukaungwa kwa ganda kavu la mgomba.

"Alikuwa anaifunga hivi kweli?"

"Hivyo hivyo. Alifariki nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyewahi kumpiga picha, kwa hiyo nilimchora kabla sijamsahau."

Kijana akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto. Theopista alilipenda jambo hilo, na hapo ndipo yalipoanzia.

Jina lake lilikuwa Yakobo, mwenyeji wa Machame, na alikaanga kahawa kwenye banda moja huko Rau. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa watu binafsi, kila mwenye gunia na baiskeli alijiita mfanyabiashara, lakini Yakobo alijua kazi. Alichokuwa hajui ni kutongoza kwa gharama zake.

"Nimekubipu mara tatu, Theo. Mbona hunipigii?"

"Bwana wee, weka vocha ndipo ujiite mpenzi."

"Vocha ninayo, mamii. Naitunza kwa ajili ya siku ukinuna."

"Basi anza kuitumia, maana nimeshanuna."

Aliizoea njia ya kibandani kuliko njia ya kwao. Alikuwa akiingia bila hodi, anavuta kigoda, anafunua sufuria, anajipakulia ndizi. "Mtu wa nyumbani hapigi hodi," alisema akitafuna. Theopista alicheka. Ukipenda, hata utovu wa adabu unaona ni mazoea matamu.

Siku moja, kahawa yake ikiwa bado inauzwa kwenye mifuko ya nailoni isiyo na alama yoyote, alisema, "Nipe mama akae kwenye pakiti zangu. Wazungu wataipenda, na watu wetu watamjua ni nani."

"Mchukue," alisema Theopista. Akampa ule mchoro wenyewe, akabaki na nakala. Hakukuwa na maandishi. Nani anaandikiana karatasi na mtu anayekula ndizi kwenye sufuria yako?

Kahawa ya Mama ikashika mji. Theopista naye akawa anamchora mama yule yule kwenye batiki, na hoteli moja njia ya mlimani ikaagiza vitambaa vingi kuliko alivyowahi kuuza tangu aanze kazi. Kisha zikaja pakiti za bandia kupitia mpaka wa Holili, kahawa ya vumbi tupu, na mama yule yule juu yake. Yakobo akapanda basi kwenda Dar, akarudi anatabasamu.

"Nimemwandikisha, Theo. Sasa ni alama ya biashara kwa sheria. Atakayemgusa ataniona."

Theopista alimkumbatia. Hakuuliza ameandikishwa kwa jina la nani, na ndipo kosa lilipojificha, kwa wote wawili.

Wiki mbili baadaye hoteli ikamrudishia vitambaa vyote ndani ya mifuko ya salfeti. Juu yake kulikuwa na barua. Theopista alimpelekea Winfrida aisome, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mistari ilicheza.

"Yesu na Maria," alisema Winfrida. "Hizi nimezitoa kwenye mashine yangu mwenyewe, nakala thelathini! Yakobo alileta, nikabonyeza, sikusoma hata neno."

Barua ilisema kwamba picha ya mwanamke mwenye mzigo wa majani ni mali ya Yakobo, kwa kahawa, vitambaa na kadi, na yeyote atakayeiuza bila idhini yake atashtakiwa.

Theopista akanunua vocha, akapiga simu palepale kwenye kaunta, watu wakisikia.

"Yakobo, mama yangu ni wa nani?"

"Nini tena, mpenzi?"

"Nijibu."

"Aa, ile barua? Ile ni ya wale wa Holili, siyo yako! Mwenye kunijazia fomu alisema tuandike na vitambaa, ili kusiwe na mwanya."

"Na jina je? Kwa nini la kwako?"

"Sasa Theo, si tunaoana? Kihamba, shamba la urithi, kinaandikwa kwa jina la nani? La mwanamume, ili kisitoke kwenye ukoo. Nilitaka mama asipotee."

"Mama yangu si kihamba, Yakobo. Na amepotea. Amepotelea kwako."

Alikata simu. Alitamani kumpiga na kumwegemea kwa wakati mmoja.

Wakili Eunike, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza, "Ulimpa nini hasa?"

"Mchoro."

"Ulimpa karatasi. Haki ya mchoro haihami na karatasi, mwanangu. Ulipomaliza kuchora tu, hata kabla wino haujakauka, hakimiliki ilikuwa yako, bila kwenda ofisini kwa mtu. Kuihamisha ni mpaka uandike na utie sahihi. Uliandika?"

"Sikuandika."

"Basi ulimruhusu kuitumia kwenye kahawa, kwa mdomo, na hapo hapo inaishia. Alama ya biashara ni jambo jingine. Hiyo huandikishwa, na anayeandikisha ndiye anayeonekana mmiliki. Ameandikisha kitu ambacho si chake. Unaweza kupinga, na naamini utashinda. Unataka nimwandikie barua?"

Theopista aliangalia mikono yake, kucha zimeingia rangi ya buluu isiyotoka. "Mama, ni mchumba wangu."

"Ndiyo maana nauliza kama unataka."

Aliomba apewe siku za kufikiri. Hakulala vizuri hata moja ya siku hizo.

Jumapili baada ya misa, Yakobo alikuja Njoro na baba yake mkubwa, mzee wa koti jeusi na fimbo. Mzee alishika jani la isale lililofungwa fundo. Winfrida, aliyekuja kumfariji rafiki yake, aliacha kikombe chake mezani. Kwa Wachagga, aliyeletewa isale hana la kusema tena isipokuwa kusamehe, hata kama aliuliwa ndugu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kijana wetu amekukosea. Tumekuja na isale."

Theopista alilipokea jani kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na hakuona haya. "Nimemsamehe, baba. Kwa moyo."

Yakobo akashusha pumzi, akapita ndani, akavuta kigoda chake. "Asante, mpenzi wangu. Sasa tupange siku."

"Ile barua umeifuta?"

"Ipi?"

"Iliyopo hotelini. Na jina, umelibadilisha?"

Yakobo aliangalia viatu vyake. "Nilidhani tukishapatana, hayo ya karatasi hayana haraka."

Ndipo Theopista alipoumia kuliko siku ya barua. Aliletewa isale ili anyamaze.

"Nakupenda," alisema polepole, "na hasira nimeiweka chini, kwa sababu isale haikataliwi. Lakini sijaolewa na mwizi wa mama yangu, na sitaolewa. Baba, nisamehe kusema hivi mbele yako. Isale kwetu hupandwa wapi?"

Mzee aliegemea fimbo yake. "Mpakani mwa kihamba, mwanangu."

Theopista akatoka nje, akafungua fundo, akachimba kwa kisu cha ndizi, akalichomeka jani na shina lake pembeni mwa njia, pale Yakobo alipozoea kupita bila kusimama. Akamwagilia maji ya kikombe. Mzee aliondoka kwanza. Yakobo alifuata bila kuaga.

Miezi minne ikapita. Simu haikulia, hata kwa bipu. Theopista alitia rangi mapazia ya shule, kazi isiyo na sura ya mtu, na jioni alijikuta amepika ndizi za watu wawili. Isale ilishika mizizi. Kwa wakili hakurudi, wala hakuacha wazo la kurudi.

"Umeona?" Winfrida alimwambia siku moja, akamtupia pakiti. Ilikuwa kahawa ya Yakobo, ndani ya nailoni tupu, bila alama yoyote. "Wateja wanadhani ndiyo ya bandia. Wanaikimbia."

Theopista aliinusa pakiti ile, akaiweka kwenye rafu, asiifungue.

Jumamosi moja ya Februari alikuwa anaanika vitambaa aliposikia sauti.

"Hodi."

Yakobo alisimama nyuma ya isale. Amekonda. Shati lilikuwa lile lile jeupe, limechakaa kwenye kola, na viatu vilijaa vumbi mpaka kwenye kamba.

"Sema ukiwa hapo hapo," alisema Theopista.

"Ile barua nimeifuta. Nimezunguka kwa wote thelathini walioipata, kwa miguu, nikiwaambia kwa mdomo wangu kwamba niliandika uongo. Wa hotelini wanakuulizia." Akanyoosha karatasi mbili juu ya jani, bila kuvuka. "Hii ni ya kuhamisha alama iende kwa jina lako. Nimeshatia sahihi, Wakili Eunike ameshuhudia; Winfrida ndiye aliyenielekeza kwake. Alinigombeza saa nzima."

"Na hiyo nyingine?"

"Ni ombi. Naomba kumtumia mama kwenye kahawa. Masharti sikuyaandika, nimekuachia nafasi."

Theopista alisoma zote mbili akiwa amesimama, taratibu, kila mstari, na jua likimchoma Yakobo utosini. Kisha akachukua kalamu. Kwenye nafasi ile aliandika: *Kwa kahawa tu. Na jina lake liandikwe chini ya picha: Dominika.*

Akatia sahihi. Akamrudishia.

"Ukikataa lile jingine, nitaelewa," alisema Yakobo. "Lile la siku ya harusi."

"Hilo hujaliuliza. Ulilitangaza tu."

"Theopista, utanioa? Yaani... utaolewa na mimi?"

Theopista alitaka kucheka, akalia badala yake. Hofu ilikuwa bado imo moyoni mwake. Mapenzi hayakuifukuza yote, na hakujidanganya kwamba yangeifukuza kwa siku moja. Lakini ndizi zilikuwa jikoni, za watu wawili.

"Hodi," alisema Yakobo tena, kwa sauti ndogo, mguu wake bado uko upande wa njia.

"Karibu," alisema Theopista. Tangu wapendane hakuwahi kumwambia neno hilo, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuombwa.