Nusu Milimita Kushoto

Jumatatu asubuhi duka la vipuri huwa halina hata pa kuweka unyayo, na ndimo mwanamume mwenye shati la bluu lililopigwa pasi hadi kola alimomuudhi yule binti kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa kwenye foleni, ovaroli imekunjwa mikono, kitambaa cha zambarau kichwani. Ndani ya karatasi laini alishika kioo kidogo kama ukucha wa dole gumba. Jamaa akakichukua ili akitazame, kwa vidole vitupu.

"Hicho kinarusha mwale unaokata chuma," binti alimwambia. "Mafuta ya kidole chako yataungulia hapo na kioo kitapasuka. Kwenu hamkufundishwa kuomba?"

"Navijua vioo. Ndiyo kazi yangu."

"Basi nawahurumia wateja wako."

Jamaa akanunua kingine, akaomba radhi, na alipoona radhi imekubalika akaomba na namba ya simu.

Kumbe alikuwa fundi wa kweli wa mashine za leza, na haukupita muda kiwanda cha binti kikampa mkataba. Binti ndiye aliyeendesha mashine yao ya kuchomelea chuma kwa mwale wa leza. Mwale wenyewe haujui njia: vioo viwili vidogo huugeuza, kimoja kushoto na kulia, kingine mbele na nyuma, upesi kuliko jicho. Fundi alimwita Nusu Milimita, kwa kuwa alipima hata umbali wa vikombe mezani. Naye akamwita Vidole, jina ambalo fundi alilipokea bila rufaa. Kila jioni walipigiana simu, na kila jioni Nusu Milimita alilalamika kwamba mwale unakwenda kulia kwa nusu milimita. Vidole akimpa pole.

Malalamiko hayo yaliendelea mwezi mzima. Ambalo Nusu Milimita hakulisema, na hapa uvumilivu unanishinda, ni kwamba dawa alikuwa ameshaipata. Kila mchoro unaouongoza mwale aliusogeza kwenye kompyuta nusu milimita kushoto, kazi ikatoka sawasawa, wala hakuliandika popote.

Vidole naye, kwa mapenzi yake, akaenda kiwandani Jumapili hakuna mtu, akavinyoosha vioo vile. Hakumwambia. Alitaka iwe zawadi. Wenzake hununua maua.

Kesho yake, vioo vimenyooka na michoro bado imesogezwa kushoto, vifuniko arobaini vya masanduku ya betri vilichomelewa pembeni ya mstari. Kwa macho vilionekana sawa. Vilipojaribiwa kwa hewa mchana, vyote vilivuja. Msimamizi, mzee asiyependa maneno mengi, alisema ifikapo Ijumaa anataka kumjua mkosaji, na huyo hataigusa tena mashine ile.

Nusu Milimita akampigia fundi wake.

"Umegusa vioo vyangu?"

"Nimekunyooshea, mpenzi. Si ulikuwa unalalamika?"

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ingekuwa zawadi gani?"

Akamkatia simu. Siku nne hakupokea. Simu ikitetemeka aliifunika kifudifudi, kisha akaifunua kuona kama bado inaita. Alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomkera kuliko vifuniko.

Ijumaa msimamizi akamfungulia daftari la matengenezo. Vidole, habari za vifuniko zilipomfikia, alikuwa amepita asubuhi, akaandika kwamba kosa ni lake peke yake, akaacha na kadi yake ya kuingilia.

"Wewe huna hatia, binti yangu. Rudi kazini."

Ungedhani angeshukuru. Badala yake mori ulimpanda upya. Akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba michoro aliisogeza yeye, mwezi mzima, kimyakimya. Kama ni kufukuza, alisema, wafukuzwe wote wawili. Mzee akasoma, akavua miwani, akasema katika miaka yake thelathini kazini hajaona wapumbavu wanaofanana namna hii. Akampa ile kadi ampelekee Vidole mwenyewe. Jumamosi watavirudia vifuniko vyote arobaini, na tangu leo asiyeandika asiguse.

Alimkuta Vidole getini, na shati lile la bluu, safari hii halijaona pasi.

"Umenisahihisha tena," alimwambia, akimpa kadi yake. "Tena bila kuniambia."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Nani alikuomba? Nusu ya kosa ilikuwa yangu, nawe umeichukua kama ulivyochukua kioo changu."

"Na wewe je? Mwezi mzima unanililia shida uliyokwisha kuitatua. Mimi usingizi sipati, naiwaza."

 

"Nilipenda ukinipa pole," alisema Nusu Milimita.

Vidole akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi nakuambia mapema, usije ukasema sikukuambia. Jumapili nakuja na mjomba wangu kwa mama yako, kukuposa."

Nusu Milimita akatoa kalamu mfukoni, akajiandikia siku hiyo kiganjani, akampa na yeye aandike. 

"Saa nne kamili," alisema. "Usije saa tatu na nusu ukasema ni zawadi."