Maji ya Trei ya Kimya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifungua kibanda cha nailoni cha mama yake. Aliviringisha nailoni upande mmoja ili hewa iingie, kisha akapita kati ya meza akiikagua miche kama mwalimu mkuu anayekagua kucha. Mama yake aliuza miche ya maua. Katika mji ule wa baridi, ambako mvua ilisubiri nguo zianikwe ndipo inyeshe, mbegu zikipandwa nje zilisombwa na maji siku hiyohiyo. Ndiyo maana zote zilianzia kibandani, kwenye trei.

Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku zote alikuwa msaidizi pekee wa mama yake, mpaka alipokuja Kimya.

Kimya alikuwa binti wa mama yake mkubwa. Mama huyo alipata kazi mbali, akamleta mwanawe akae nao hadi mwisho wa mwaka. Walikuwa rika moja, ila Kimya alikuwa msichana wa maneno ya kuhesabika. Chiriku alimfurahia kwa siku tatu. Siku ya nne alimsikia Mama akisema, "Kimya mwanangu, una mkono mwepesi kwa miche," na furaha yote ikamtoka. Mkono mwepesi! Yeye miaka yote hiyo aliambiwa tu, "Punguza maneno, fanya kazi."

Mwezi huo hospitali ya mji iliagiza trei kumi na mbili za maua ya petunia ya rangi za zambarau, waridi na nyeupe. Mama alipanda kumi, wasichana akawapa moja moja.

"Itakayopendeza zaidi ndiyo itakayopandwa langoni," alisema. "Na mwenyewe tutakwenda naye kuipanda kwa mikono yake."

Chiriku alilitaka lango lile kuliko kitu chochote. Alitaka Mama aone mkono mwepesi ni wa nani.

Mbegu za petunia ni ndogo kama vumbi. Mama aliwafundisha kuzichanganya na mchanga mkavu, kuzinyunyiza juu ya udongo na kuziacha hapohapo bila kuzifukia, kwa sababu zinataka mwanga. Maji hayamwagwi juu. Trei huwekwa kwenye karai lenye maji kidogo, udongo ukanywa wenyewe kutoka chini. Kimya alifanya kama alivyoambiwa. Chiriku naye alifanya hivyo, lakini Mama alipogeuka, aliziona mbegu zake zimekaa wazi kama zimesahauliwa, akazitupia udongo juu ili zizitangulie za mwenzake.

Siku ya nane, trei ya Kimya ilikuwa kijani kitupu. Ya Chiriku ilikuwa udongo mtupu.

"Hongera, Kimya!" Mama alishika kiuno, akatabasamu. "Hebu tazama zilivyojaa!"

"Asante, Mama Mdogo."

"Na yangu je?" Chiriku aliuliza.

"Yako bado. Vuta subira."

Tangu siku hiyo kijicho kikamkaa Chiriku rohoni. Akifungua kibanda, miguu ilimpeleka moja kwa moja kwenye trei ya Kimya. Aliona jani jipya, roho ikamuuma. Aliona jingine, roho ikamuuma zaidi. Hata chai haikuteremka vizuri, na mezani Mama akamuuliza kama ana homa.

Asubuhi moja ya manyunyu, Kimya akiwa bado anachana nywele, Chiriku alichukua birika la maji baridi akaimwagia trei ile mpaka ikafurika. Alijiambia kwamba hataki kuiua. Anataka tu ipunguze mwendo. Kesho yake akarudia, na keshokutwa pia. Maji yaliyozidi yalitambaa juu ya meza hadi kwenye trei za Mama zilizokuwa jirani, lakini yeye macho yake yalikuwa kwenye trei moja tu.

Siku ya nne miche ya Kimya ilikuwa imelala chini. Vishina vilikuwa vimeoza penye udongo, vyembamba kama uzi. Na ni lazima isemwe ukweli: kwa muda mfupi Chiriku alifurahi.

Kisha Mama akainama kwenye meza, akaona trei zake mbili nazo zimeanza kulala.

"Huu ni udongo," alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Udongo nilioununua una ugonjwa. Trei zote zimetoka gunia moja. Lazima nitupe zote kabla hazijaenda kuyaua maua ya watu." Akatoa simu. "Niwaambie hospitali watafute mtu mwingine."

Kimya akaanza kulia. "Mama Mdogo, ni mimi. Labda sikunawa mikono vizuri. Sitashika tena miche yako."

Chiriku alisimama mlangoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na hospitali itamsahau mama yake. Mama alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.

"Mama, weka simu," alisema. "Udongo hauna kosa. Ni maji. Nimeimwagia trei ya Kimya kwa birika, siku tatu."

"Kwa nini?"

"Ulimsifu yeye."

Mama alirudisha simu mfukoni. Hakupiga kelele. "Kama ni maji, tutaokoa," alisema. "Kazi kwanza."

Waliviringisha nailoni pande zote, wakazitenga trei mbili zilizougua, wakang'oa miche iliyooza na kunyunyiza mchanga mkavu juu ya udongo. Trei nane zilikuwa salama kabisa. Ya Kimya ilikuwa imekwisha.

Walipomaliza, Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Chiriku, trei ya Kimya ilikuwa na miche mingapi?"

"Hamsini na mitatu." Jibu lilitoka papo hapo.

"Na ya kwako?"

Chiriku hakujua. Alikwenda kuangalia. Pembeni mwa trei yake, pale udongo aliotupia ulipokuwa haba, ilikuwa imeota miche kumi na tisa. Ilikuwa imeinamisha vichwa, na udongo umepasuka kwa ukavu.

"Inakufa kwa kiu," alisema, machozi yakimtoka.

"Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu," Mama alisema. "Birika ulikuwa nalo mkononi siku tatu nzima, ukaenda kuharibu trei ya mwenzako na huku yako inakauka. Nami nilikosea, nilikuona msaidizi wangu nikasahau kukusifu. Lakini ukiumia, niambie kwa mdomo."

Chiriku akamgeukia Kimya. "Nisamehe."

Kimya alifuta pua. "Umeniliza sana," alisema. "Lete karai. Hiyo miche yako haitangoja."

Wiki kadhaa baadaye petunia zilipelekwa hospitali. Langoni ilipandwa trei mojawapo ya Mama, na Mama akaamua Kimya ndiye aipande. Chiriku alibeba maji. Mtunza bustani wa hospitali alisimama akazitazama zile rangi.

"Nani kazipanda hizi?" aliuliza. "Mkono mwepesi kweli!"

Chiriku aliweka maji chini. "Ni ndugu yangu," alisema, akamwonyesha Kimya kwa kidole.