Redio Aliponyamaza

Walikutana kwenye duka la fotokopi, siku mashine ilipokwama na foleni ikatoka mpaka barabarani. Yeye mfamasia, gauni la kijani, jasho shingoni, amefura. Nyuma yake mwalimu wa sayansi, shati vumbi tupu la chaki, anaongea tu: mara mashine, mara bei ya wino, mara viatu vyake vinavyombana. Wanafunzi walimwita Redio, na jamani hawakumsingizia. Mfamasia akacheka mpaka hasira zikamwisha, akatoa namba ya simu kabla hajaombwa.

Alimpendea mdomo ule. Redio akianza kuongea, nani atakuuliza ulikotoka? Na mfamasia alikotoka kulikuwa na uchumba uliovunjika, gauni la harusi limeshashonwa, mwanamume kapotea bila neno. Hilo hakumwambia Redio.

Mapenzi yakakolea, wakakubaliana wazee wa Redio waje Jumamosi kuposa. Hapo ndipo Redio akanyamaza.

Alikuwa akipiga simu, anauliza umeshindaje mpenzi, halafu kimya. Mfamasia akijibu salama, kimya tena, kama mtu anayesubiri. Anasubiri nini? Au kuna mtu pembeni anasikiliza? Mfamasia akaanza kupeleleza. Akaambiwa kwamba kila mchana mwalimu wa jiografia, mwanamke wa sketi za kubana na manukato, hukaa na Redio maabara, wameinamia simu moja. Alipomuuliza, Redio akababaika, akasema ni kazi. Kazi gani hiyo ya simu moja? Hata wewe ungeshuku. Yule mchumba wa kwanza naye alianza hivyohivyo, kwa kunyamaza.

Ijumaa akampigia. "Wazee wako wasije."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Muulize wa jiografia."

Akakata. Akaona haitoshi, akavua koti jeupe la kazini, akapaka rangi ya midomo, akaenda shuleni mwenyewe.

Aliwakuta kweli wameinama. Lakini simu ilikuwa inatoa sauti ya Redio akifundisha, anauliza swali na kulijibu mwenyewe, anauliza jingine na kulijibu, bila kupumua. Mwalimu wa jiografia hakushtuka hata kidogo.

"Karibu shemeji," akasema. "Kaa usikie, maana mwenzako anaona aibu kukwambia."

Akaeleza. Darasa la Redio lilikuwa linafeli, wakaamua kurekodi vipindi vyake wajue tatizo liko wapi. Tatizo likawa ni yeye: kipindi kizima hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Sasa anajifunza kuuliza kisha kungoja, na yeye wa jiografia hukaa nyuma ya darasa akimwangalia. Alama bado hazijapanda, ila watoto wameanza kuuliza maswali. Akachukua mkoba wake, akawaachia chumba.

"Si ungeniambia?" mfamasia akasema.

"Nikwambie mimi ndiye ninayewafelisha watoto?" Redio alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilipojisikiliza nikakufikiria wewe. Nataka kukuoa, na sijui hata uliishije kabla yangu. Sijawahi kukupa nafasi ya kusema."

Ungedhani mfamasia angefurahi. Wapi! Aliogopa. Hasira ilikuwa rahisi zaidi. Alitazama meza, akatazama dirisha, na Redio bado ametulia kwenye stuli, anamngoja.

"Niliwahi kuchumbiwa," akasema.

Redio akafungua mdomo, akaufunga.

Basi akasema yote: gauni, wageni walioalikwa, mama yake alivyopita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu harusi haipo. Tangu siku ile, akasema, mama akisikia wageni wanakuja, hakai akatulia mpaka awaone mlangoni. Alipofika hapo alikuwa analia.

"Umemaliza?" Redio akauliza taratibu.

"Nimemaliza."

"Basi kesho nitatangulia mimi, wazee wangu wanifuate. Mama anione mapema, kabla hajaanza kuogopa."