Si Moshi wa Udi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Areej alianika nepi za mdogo wake Zaid, kisha akamchungulia ndani ya chandarua. Jumamosi moja mwaka 1996, Zaid alitimiza siku arobaini. Katika nyumba yao ya mtaa wa Ndia Kuu, desturi ilikuwa dada mkubwa amtembeze mtoto kila chumba siku hiyo. Areej, mwenye miaka kumi na miwili, aliingoja kwa hamu.

Lakini aliamka na mafua. Alijua mama yake, Bi Afaf, angemkataza kumbeba mtoto, kwa hivyo akapangusa kamasi kwa pindo la leso. Alipokohoa, mama akamuuliza ana nini.

"Ni moshi wa udi, mama."

Akambeba Zaid, akimbusu katika kila chumba. Shangazi Mwanakhamis alifika akikohoa waziwazi, naye akambusu mtoto mbele ya wageni wote.

Siku ya nne baada ya hapo Zaid alikataa kunyonya. Kifua kilibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo yake ikawa ya samawati. Wakamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Bi Afaf alimlaumu wifi yake, akamwambia asikanyage tena kwake. Areej alisikia, akameza kikohozi chake.

Kesho yake Daktari Kache alileta majibu ya ute uliotolewa puani mwa mtoto.

"Mama, ana virusi vya aina mbili kwa pamoja. Aina moja tu ingetosha kumlaza mtoto mchanga. Mbali na shangazi mliyemtaja, nani mwingine ana mafua?"

Bi Afaf alijibu kwamba hakuna. Basi daktari akamwambia akapate chakula, Areej aliyekuwa kando ya kitanda amshike mtoto.

Areej alirudi nyuma hadi ukutani. "Nisimshike, daktari. Haukuwa moshi wa udi."

Bi Afaf alimtazama binti yake kama mtu asiyemjua. Daktari alimtoa Areej wodini, akamweleza kwamba hakuna awezaye kujua nani alileta virusi gani. Dawa ya kuviua hawakuwa nayo. Wangemsaidia mtoto kupumua hadi mwili wake uvishinde.

Siku ya sita hospitalini Zaid alinyonya tena. Aliporudishwa nyumbani, Bi Afaf alikwenda mwenyewe kumwomba radhi wifi yake. Shangazi alikuja, akasimama mlangoni.

"Sote tumekosa," alimwambia Areej. "Mimi nilikohoa, mkaona haya kunizuia kwa sababu ni mgeni. Wewe ulificha ili usikose fahari yako. Mtoto mchanga hajui haya wala fahari, anajua kupumua tu. Ukiwa na mafua, sema, na ukae mbali."

Wiki mbili baadaye, Bi Afaf alimuuliza Areej kama bado ana mafua.

"Sina, mama."

"Basi kanawe mikono kwa sabuni, uje umbebe."