Mvua ya Viwavi wa Hariri

Haya, kaeni vizuri. Wewe pale, toa kidole puani. Tuanze.

Kavutha alikuwa na miaka sita na viwavi mia mbili.

Viwavi hao walikuwa weupe, wanene, tena wavivu. Walikaa kwenye ungo mkubwa chini ya meza. Kazi yao ilikuwa moja tu, kula majani ya mforsadi.

Kram, kram, kram! Sha, sha, sha!

"Nyanya, watashiba lini?" Kavutha akauliza.

"Wakishiba watatema uzi wa hariri," Nyanya akasema. "Ndio uliofumiwa kitambaa hiki."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akampa. Kavutha akakiweka shavuni. Lo! Kilikuwa laini, kikateleza, kikaanguka chini.

"Na mimi nataka changu!" akasema.

"Basi walishe vizuri."

Sasa, kwao ni Ukambani. Huko mvua husubiriwa kama mgeni wa heshima. Ikisikika tu, kila mtu mbio! Ndoo nje, sufuria nje, hata bakuli la paka nje.

Siku moja mchana, Baba alikuwa amejilaza. Akasikia:

Kram, kram, kram! Sha, sha, sha!

"Mvua!" Baba akaruka. Akabeba ndoo mbili, mbio hadi nje.

Jua kali. Kuku wakamtazama.

Siku ya pili, tena.

Kram, kram, kram! Sha, sha, sha!

"Mvua!" Baba akatoka mbio na sufuria ya ugali, kiatu mguu mmoja.

Jua kali. Kuku wakamtazama. Jirani naye akamtazama.

"Baba Kavutha," jirani akasema, "leo unakinga jua?"

Baba akarudi ndani amenuna. Akasikiliza huku, akasikiliza kule. Akainama chini ya meza.

"Kumbe ni nyinyi! Kesho mnatoka! Mtakaa nje, karibu na banda la kuku."

Kuku! Kuku wangewala wote. Kavutha akaangua kilio.

"Mwanangu," Nyanya akamwambia Baba, "hariri ilivaliwa na wafalme. Huko China, siri ya viwavi hawa ilifichwa miaka mingi, mingi sana."

"Si wangeendelea kuwaficha!" Baba akasema.

Kavutha akainama kwenye ungo, machozi yakimtiririka.

"Jamani, tafuneni polepole. Fungeni midomo."

Kram, kram, kram!

Akawaimbia wimbo wa kulala.

Sha, sha, sha!

Asubuhi Kavutha akaamka. Kimya. Kimya kabisa! Majani yapo tele, na hakuna anayekula.

"Nyanya! Wamekufa!"

"Hawajafa, wameshiba. Tazama."

Kiwavi mmoja akainua kichwa. Akakipeleka huku, akakipeleka kule. Uzi mwembamba ukamtoka mdomoni, unang'aa.

"Baba, wamenyamaza! Wanatengeneza hariri!"

"Wataanza tena hao, nawajua," Baba akasema. "Nikiamka tu, wanatoka."

Akala, akashiba, akajilaza.

Mara, juu ya bati: ta! Ta, ta, ta! Sha, sha, sha!

Baba akafungua jicho moja. "Leo hamnipati," akasema. Akageuka, akajifunika.

Kavutha akachungulia chini ya meza. Hakuna kiwavi aliyekuwa akila, hata mmoja. Sasa sauti hiyo inatoka wapi?

"Baba! Mvua ya kweli!"

"Kawaambie kuku," Baba akasema.

Kavutha akabeba ndoo. Nyanya akabeba sufuria. Mbio, mbio, mbio! Ndoo zikajaa. Sufuria zikajaa. Bakuli la paka likajaa.

Tone moja likapenya kwenye bati, likamwangukia Baba puani. Ta!

Baba akatoka nje. Akaona maji kila mahali, na Kavutha amelowa chapachapa.

"Wewe umejuaje?"

"Viwavi hawakuwa wakila, Baba. Nikajua ni mvua."

Baba akakuna kichwa. Akaingia ndani, akainama chini ya meza. Kiwavi akapeleka kichwa huku. Baba naye huku. Kiwavi kule, Baba kule. Chai aliyowekewa mezani ikapoa.

"Baba," Kavutha akauliza kwa sauti ndogo, "watatoka?"

"Nani kasema watoke?"

Kavutha akamrukia shingoni.

Jioni, Kavutha akapanda kitandani. Nyanya alikuwa akiosha vyombo huku akiimba. Kling, klang!

Baba akatoa kichwa chini ya meza, kidole mdomoni.

"Shhh! Mama, kelele za nini? Wanangu wanafanya kazi."

Kavutha akacheka chini ya blanketi, mpaka usingizi ukamchukua.