Mkono Pembeni mwa Picha

Aliyemwambia fundi cherehani ni mama wa ultrasound, mpiga picha za mimba kliniki, yule mwenye miwani ya kuning'inia kwenye uzi. Alimwambia kwa kunong'ona, mchana kweupe, mlango ukiwa umerudishwa.

Siku ilikuwa imeanza vizuri. Fundi cherehani alimaliza sare mbili za shule, akafunika mashine yake, akaenda kliniki na tumbo lake la miezi mitano. Mimba tatu zilishamtoka, moja kila mwaka. Hii ya nne aliibeba kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Kila mara alisindikizwa na dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Leo dada alikuwa amechelewa sokoni.

"Umekuja peke yako?" mama wa ultrasound aliuliza, akimpaka jeli ya baridi tumboni. "Yuko wapi yule mcheshi, anayesema mashine yangu inaonyesha mvua tupu?"

"Anakuja. Bila yeye kunishika mkono mimi ni mwoga, mama."

Kwenye kioo cha mashine mtoto alionekana. Moyo ulidunda. Akapiga teke, na fundi akacheka huku machozi yakimtoka.

Mama wa ultrasound hakucheka. Alivuta droo, akatoa picha tatu.

"Za mimba zako zilizopita. Nilidhani mashine ni mbovu, nikaita mtengenezaji mara mbili. Akasema ni nzima. Picha za wengine safi, zako tu ndizo hivi. Tazama pembeni."

Pembeni mwa kila picha palikuwa na mkono. Si wa mtoto. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, umeinama kama wa mtu anayechagua nyanya. Vidole vinne. Cha pete hakikuwepo.

Fundi alilijua pengo lile. Kidole kile kilikatwa na mlango wa chuma, siku dada yake alipouzuia usimbane fundi, aliyekuwa bado mtoto wa kutambaa.

"Siku zote tatu dada yako alikuwa amekushika," mama wa ultrasound akanong'ona. "Leo hayupo. Na leo hakuna kitu."

Mlango ukagongwa.

"Mdogo wangu? Mbona hukunisubiri?"

Kitasa kikazunguka kidogo. Kwenye kioo, giza la pembeni likajongea. Kidole kimoja. Viwili. Mtoto akaacha kupiga teke.

"Usiingie, dada!"

Kitasa kikatulia.

"Kwa nini, kipenzi?"

"Nimeuona mkono wako."

Kisha sauti ileile iliyokuwa ikimbembeleza utotoni ikaja, kwa upole, karibu kabisa na tundu la ufunguo.

"Nilikubeba mgongoni miaka sita. Wenzangu wakaolewa, wakazaa. Mimi nikabaki na wewe."

"Ungeniomba mtoto, dada."

"Ungenipa?"

Fundi alilifunika tumbo lake kwa mikono miwili.

Nyayo zikaondoka, taratibu, kama za mtu asiye na haraka. Vidole vikafifia kwenye kioo. Baada ya muda mrefu, mrefu mno, mtoto akapiga teke.

Usiku ule fundi alilala kwa mama wa ultrasound. Asubuhi alirudi nyumbani. Kitanda cha dada kilikuwa kimetandikwa vizuri, begi halipo. Uani, kwenye kamba, nguo tatu za watoto zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Hakuzishona yeye. Hakuwahi kuziona. Zilikuwa zimevaliwa, tena sana. Magoti yamechakaa. Kwenye kola moja kulikuwa na doa la uji.

Akaenda kuchukua futi yake ya kupimia. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa mwaka mmoja. Ya pili, miaka miwili. Ya tatu, miaka mitatu. Umri uleule ambao wanawe watatu wangekuwa nao leo.

Hakuzichoma moto. Alizikamua, akazikunja, akazitia kwenye mkoba. Kisha akafunga mlango na kwenda kumtafuta dada yake, na wenye nguo zile.