Sungura Mkavu Nje, Mbichi Ndani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufagia shule, bibi alisikiliza kwanza kifua cha mjukuu wake.

Hakuhitaji kuweka sikio karibu. Chumba kilikuwa kimoja na kitanda kimoja. Kifua cha mtoto kilipiga filimbi kama birika linalokaribia kuchemka. Siku filimbi zikiwa chache, bibi alikunywa chai amekaa. Siku zikiwa nyingi, alikunywa amesimama, macho yako kitandani.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Mtaani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Sasa jina lilibaki, maneno yalipungua. Alisema maneno matatu, akapumzika, ndipo akamalizia.

Mama yake alifariki mwaka uliopita. Aliugua miezi saba. Miezi miwili ya mwisho alilala hospitali, na huko kitandani alimshonea mwanawe sungura. Alikata gauni lake la kijani. Tumbo la sungura alilijaza vipande vya sponji na kitambaa chake cha kichwa. Macho yalikuwa vifungo viwili vya koti. Mshono wa mgongoni ulianza umenyooka, ukaishia umepinda, kwa sababu mikono ilikuwa imeishiwa nguvu. Wiki iliyofuata alizikwa.

Chiriku alimwita sungura huyo Masikio. Alilala naye. Alimburuta sakafuni. Alimfutia kamasi. Mwaka mzima Masikio hakuonja maji.

"Usimfue, bibi," Chiriku alisema. "Ana harufu ya mama."

Bibi hakubishana naye. Mtoto akipitiwa na usingizi, yeye naye alimchukua Masikio, akamweka puani, akafumba macho.

Siku moja Chiriku alikohoa mpaka akatapika, na matapishi yote yakamwangukia Masikio. Sasa hapakuwa na ujanja. Bibi alimfua kwa maji baridi na sabuni ya unga, akamkamua kwa nguvu, akamtundika kwenye kamba. Jioni alimpitishia nyuma ya mkono. Hivyo ndivyo alivyopima matambara ya shule kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kukosea. Kitambaa kilikuwa kikavu.

"Haya, mke mwenzangu," bibi alimtania. "Mchukue mpenzi wako."

Chiriku alimpokea. "Bibi, amekuwa mzito."

"Mzito ni wewe. Unakula, unalala, kazi hufanyi!"

Chiriku alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Usiku huo alilala amemkumbatia Masikio, pua yake imezama tumboni kwa sungura.

Baada ya siku chache Masikio alianza kunuka kama gunia lililonyeshewa. Bibi akampulizia manukato. Harufu ilijificha siku mbili, ikarudi. Na filimbi za kifuani zikawa nyingi kila asubuhi.

Bibi na mjukuu walikuwa na mchezo wao. Jioni, vyombo vikishaoshwa, walitegeana vitendawili. Chiriku alikuwa fundi. Alitunga vyake mwenyewe, virefu kama safari. Lakini jioni moja alifungua mdomo, akasema, "Kitenda..." Akasimama. Mabega yalipanda, yakashuka. "Kitenda..." Akatikisa kichwa.

"Tega, mama," bibi alimhimiza taratibu.

"Kesho, bibi," Chiriku alisema.

Bibi aligeukia ukutani ili mtoto asione uso wake.

*

Kesho yake, kulipopambazuka, hapakuwa na filimbi. Bibi alifurahi kwa muda mfupi, kisha akamtazama mtoto. Chiriku alikuwa ameketi, mikono imeshika magoti, macho yamemtoka. Ngozi ya shingo ilikuwa ikizama ndani kila akivuta hewa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Filimbi hazikuwapo kwa sababu hewa yenyewe haikupita.

Bibi alimbeba, akatoka mbio uani bila viatu.

Uani alikuwapo jirani yao, dobi, akifunga mashuka ya wateja kwenye baiskeli. Alitazama mara moja tu. Aliyatupa chini mashuka meupe, yaliyopigwa pasi, juu ya tope.

"Panda, mama! Mshike mtoto, mimi nakanyaga!"

Kwenye zahanati, nesi alimwekea Chiriku barakoa ya mashine ya mvuke. Dawa ilitoka kama moshi mweupe. Bibi alisimama pembeni, miguu ina tope, mkono umeshika mguu wa kitanda. Alikuwa amesimama hivyo hivyo kando ya kitanda cha binti yake.

Ilichukua muda mrefu. Hatimaye filimbi zikarudi. Bibi hakuwahi kudhani kwamba siku moja angemshukuru Mungu kwa filimbi zile.

"Ni pumu," nesi alisema. "Safari hii mmewahi. Mngechelewa kidogo, bibi, sijui kama ningekuwa na la kukusaidia. Ukiona tena midomo inabadilika rangi au ngozi inazama hivi, usingoje hata dakika moja."

"Nimeelewa, mwanangu."

"Nitakupa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Atavuta kila siku, hata akiwa mzima. Sasa niambie. Jikoni mnatumia nini?"

"Mkaa. Lakini napikia nje."

"Vizuri. Nani anavuta sigara?"

"Hakuna."

"Analala na nini?"

"Na mimi. Na huyu." Bibi alimtoa Masikio kwenye kanga aliyombebea mtoto. Chiriku alikuwa amemng'ang'ania njia nzima.

Nesi alimnusa sungura, akamweka mbali haraka. "Bibi, huyu alifuliwa lini?"

Bibi alichukia. "Mimi ni mfagiaji. Usafi ndiyo kazi yangu! Nilimfua mwezi uliopita."

"Sikukutukana, bibi. Wala sisemi kwamba yeye ndiye aliyeleta pumu. Lakini mtoto wa pumu akivuta vumbi au ukungu, kifua kinaziba. Kwenye midoli ya kitambaa hukaa vidudu vya vumbi, vidogo, havionekani kwa macho. Na huyu ananuka ukungu. Mtoto atabaki hapa mpaka kesho jioni. Kabla hajarudi, huyu asafishwe kabisa. Ikishindikana, atupwe."

Chiriku alisikia. Hakuweza kusema, lakini machozi yalishuka ndani ya barakoa.

*

Mchana huo bibi alirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Alisimama mbele ya shimo la taka, Masikio mkononi. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena.

"Unatupa nini, mama?" Dobi alikuwa kwenye beseni, akirudia kufua mashuka yaliyoingia tope.

"Namtupa binti yangu," bibi alisema.

Dobi alijifuta povu, akaja. Bibi akamweleza yote, na dobi akamchukua sungura. Hakumpitishia nyuma ya mkono. Alimpima kwanza uzito, kisha akamkandamiza tumbo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikapata doa la maji.

"Mwezi mzima?" bibi alishangaa. "Haiwezekani! Nilimgusa, alikuwa mkavu."

"Uligusa ngozi, mama. Tambara halina tumbo. Likikauka nje, limekauka. Huyu ana tumbo. Jua limekausha gauni, sponji ikabaki na maji, halafu mtoto akamlalia kitandani, penye joto. Ukungu ukapata nyumba."

"Nilimpulizia manukato."

"Manukato hayaui ukungu. Yanampamba tu, na kifua cha mtoto kinaumia zaidi. Lete mkasi. Tunafungulia hapa nje, sio chumbani. Funga kitambaa puani, na mimi nafunga changu."

Dobi alimgeuza Masikio, akaweka mkasi mgongoni.

"Usikate hapo!" bibi alimshika mkono. "Mshono huo uliopinda. Huo ni mkono wake."

Dobi aliuondoa mkasi. "Basi tufungue ubavuni," alisema.

Sponji ilitoka na madoa meusi, kama mkate uliooza. Katikati kilikuwapo kitambaa cha kichwa. Bibi alikitambua hata kabla hakijafunguka. Kilikuwa na maua ya njano. Sasa maua yalikuwa yameliwa na weusi, na kitambaa kilichanika kikiguswa.

"Hiki nitakichemsha," bibi alisema upesi.

"Mama."

"Nitakichemsha mara mbili!"

"Kimeoza, mama. Angalia, hakishikiki. Ngozi ya nje tutaiokoa, hiyo nakuahidi. Vya ndani vyote viende. Lakini sitatupa mimi. Tupa mwenyewe."

Bibi alivifunga vyote kwenye mfuko wa plastiki, akaukaza fundo. Alitembea mpaka shimoni. Safari hii mkono haukurudi.

Aliporudi, dobi alikuwa ameshatoa macho ya vifungo na kuchemsha maji.

"Kwanza kona," alisema. Alilowesha kona ndogo ya ndani, akaifuta kwa tambara jeupe. "Haichuji rangi. Ingechuja, tungefanya vingine. Sasa kung'uta vumbi, kisha maji ya moto yenye sabuni. Moto wa kutosha, mkono usivumilie. Vidudu vya vumbi havifi kwa maji baridi. Geuza kwa mti, usijiunguze."

Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu. Ya pili yakawa kama chai nyepesi. Walisuuza mara tatu, mpaka maji yakawa safi.

Bibi alishika sungura kwa mikono miwili ili amkamue.

"Usimsokote, atachanika! Mlaze kwenye taulo. Likunje. Sasa kandamiza kwa uzito wako wote. Hujala leo nini? Kandamiza!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, bibi alicheka kidogo. "Wewe dobi, ungekuwa mume wangu ningeshakupiga."

"Ndiyo maana sikukuchumbia."

Walimgeuza ndani nje, wakamwanika juani penye upepo. Bibi alitazama jiko. "Tukimweka hapo juu si atakauka upesi?"

"Cheche moja tu, mama. Kitambaa kinashika moto kabla hujageuka. Na sponji ndiyo mbaya zaidi. Jua na upepo vinatosha. Jua likizama, mwingize ndani. Kesho mtoe tena."

"Na midoli ya dukani, isiyo na mshono wa kufungua? Shuleni ipo mingi, kwa watoto wadogo."

"Unafua mzima, unakandamiza kwa taulo, unaanika. Usitarajie siku moja. Siku mbili, tatu, unageuza kila mara. Ukitaka kujua, bonyeza tumbo kwa kitambaa kikavu. Kikilowa, bado. Akiwa mzito kuliko zamani, bado. Akinuka, bado. Wenye betri usiwatumbukize. Toa betri, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Na vifungo vya macho uvivute kwa nguvu. Kikilegea, mtoto mdogo atakimeza."

Kesho yake mchana, ngozi ya Masikio ilikuwa kavu nje na ndani. Bibi aliosha mikono, akakata vipande vya shuka lake jipya, lililofuliwa na kukaushwa vizuri. Akamjaza tumbo. Ubavuni dobi alishonea zipu kutoka kwenye suruali kuukuu.

"Kila wiki, mkifua mashuka yenu kwa maji ya moto, fungua zipu," alisema. "Toa vya ndani. Vifue mbali, ngozi mbali. Kila kimoja kitakauka peke yake."

Mwisho bibi alirudisha macho. Alivuta kila kifungo kwa nguvu. Havikulegea.

*

Jioni hiyo Chiriku alirudi nyumbani. Alimkumbatia Masikio, akaweka pua tumboni kama kawaida. Kisha akainua uso.

"Bibi. Hana harufu... ya mama."

"Hana, mjukuu wangu. Imekwenda."

"Itarudi?"

Bibi alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aliumeza.

"Hairudi," alisema. Alishika kidole cha mtoto, akakipeleka mgongoni kwa Masikio, kwenye mshono. "Lakini gusa hapa. Hapa mama alikuwa na nguvu. Na hapa, palipopinda, alikuwa amechoka sana, lakini hakuacha. Alishona mpaka mwisho. Mshono huu hauondolewi na mtu, wala na maji."

Chiriku alilia. Bibi naye alilia. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kisha mtoto alivuta dawa yake, akalala, kidole kikiwa kwenye mshono.

Hakupona siku ile, wala wiki ile. Wiki ya pili bado bibi alikunywa chai amesimama. Lakini dawa ilivutwa kila siku. Mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto kila wiki, na Masikio alifunguliwa zipu. Shuleni bibi aliitoa midoli yote ya watoto wadogo, akaibonyeza tumbo mmoja mmoja kwa tambara kavu. Minne ilikuwa mibichi.

Asubuhi moja bibi aliamka, hakusikia filimbi. Aliweka mkono mbele ya pua ya mtoto. Hewa ilikuwa inatoka, inaingia, vuguvugu, taratibu. Midomo ilikuwa na rangi yake. Bibi alikaa chini kwanza, ndipo akamimina chai.

Jioni ya siku hiyo, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alipanda juu ya kigoda, Masikio kwapani.

"Kitendawili!" alipaza sauti. Neno zima, bila kukatika.

"Tega!" bibi aliitika.

"Nilioga na gauni langu, nikaota jua kutwa, watu wote wakasema nimekauka, lakini tumbo langu lilikuwa linaficha mvua!"

Bibi alilijua jibu. Lilikuwa pale pale kwapani, linamtazama kwa vifungo viwili.

"Hilo limenishinda," bibi alisema. "Hebu nieleze."

Chiriku akaanza kumweleza. Alieleza habari za gauni, na sponji, na dobi, na zipu. Akaeleza, akaeleza, hakupumzika mahali.